Jinsi ya kuchagua GPS ya mkononi yenye ramani inayofika hadi kijijini

Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu aliyeko Marekani alinitumia GPS ya mkononi, mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye kioo. Wakati huo nilikuwa napima mipaka ya misitu ya vijiji Usambara Magharibi, kwa hiyo zawadi ilikuja wakati wake. Nikaiwasha Lushoto mjini, pale stendi. Ikahangaika kutafuta setelaiti, ikazipata, kisha ikanionyesha kidoti kimoja kimeandikwa Lushoto, mstari mmoja wa barabara, na pande zote weupe mtupu kama shuka lililoanikwa. Ramani zenye maelezo mengi zilikuwemo ndani yake, ila zilikuwa za Marekani. Ningetaka kuona vijito vya Colorado ningeviona vyote, nami nimesimama kwenye njia ya kwenda Magamba.

Kesho yake tukaingia msituni na mzee mmoja wa upande wa Rangwi aliyekuwa anatuongoza. Alinitazama weee ninavyobonyeza, mwisho akauliza:

“Mwanangu, hicho kidude kinasema tuko wapi?”

“Kinasema tuko Tanzania, mzee.”

“Hilo hata mbuzi wangu wanalijua.”

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue GPS gani, namuuliza kwanza: ramani unayo? Wengi huanza dukani, wakachagua kifaa kwa rangi na bei, ndipo wakaanza kutafuta cha kuweka ndani yake. Hapa tutaanza na ardhi unayotembea, tufuatishe ramani yake, na kifaa kije nyuma.

Hatua ya 1: Hakikisha simu haikutoshi

Nianze kwa kukuokolea pesa. Kuna imani iliyoenea kwamba GPS inakula bando. Haili. Setelaiti za GPS zinazunguka juu huko, kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, zinarusha mawimbi usiku na mchana, na kifaa chako kazi yake ni kusikiliza tu, kama redio inavyopokea taarifa ya habari. Kinachokula bando kwenye simu ni kuvuta picha ya ramani. Ukiipakua mapema nyumbani kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, unaweza kuzima data, hata ukaweka simu kwenye hali ya ndege, na kidoti kikaendelea kukufuata hadi porini.

Kwa matembezi ya siku moja, au kwa mtu anayekwenda kuchukua pointi za pembe nne za shamba lake, simu nzuri na pawabenki vinatosha. Hela nyingine nunulia viatu.

Simu inaanza kukuangusha mambo yakiwa magumu. Mvua ya masika ikikukuta mlimani, kioo cha kugusa kinakuwa na akili zake, tone la maji linabonyeza kabla yako. Jua la saa saba kwenye nyika ya Ruaha linakigeuza kuwa cha kujitazamia uso. Siku ya tatu bila umeme unaanza kuchagua kati ya kuona njia na kupiga simu nyumbani. Na ikikuponyoka ikatua kwenye jiwe, umepoteza ramani, tochi, kamera na pesa zako za kwenye simu kwa mpigo mmoja. Ukiwa mwongoza wageni, mpima misitu, askari wa wanyamapori, mtu wa kuchimba visima, au mpanda mlima anayelala nje siku tano sita, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Itafute ramani ya ardhi yako kabla hujaingia dukani

Hapa nitakaa sana, maana ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea.

Maneno “ina ramani” kwenye boksi yanaweza kumaanisha vitu tofauti kabisa. Kuna ramani ya msingi, ambayo karibu kila kifaa chenye kioo cha rangi kinakuja nayo: nchi, miji mikubwa, barabara kuu, maziwa. Ndiyo niliyoiona mimi Lushoto, na kwa mtu anayetembea kwa miguu haina tofauti na ramani ya ukutani darasani.

Kuna ramani ya mtengenezaji mwenyewe, mfano TopoActive ya Garmin. Hii ina njia, mito na mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko, lakini huja kwa kanda. Kifaa kilichotengwa kwa soko la Amerika Kaskazini kinakuja na ya huko, cha Ulaya kinakuja na ya Ulaya. Kwa hiyo ndugu yako wa Houston au London akikuambia “nimeiona dukani, nikuletee?”, mjibu kwa swali moja tu: ramani iliyomo ni ya kanda gani? Mimi sikuuliza.

Sehemu kubwa ya ramani hizo, za kulipia na za bure, chimbuko lake ni OpenStreetMap. Mradi huu ulianza Uingereza mwaka 2004, unachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na mtu yeyote anaruhusiwa kuchukua data zake bila kulipa. Uzuri wake na ubaya wake ni kitu kimoja: mahali panaonekana vizuri kama kuna mtu aliyepachora. Chukua Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji. Leo ukifungua ramani ya kata hizo unaona mfereji hadi unapoishia. Sogea kwenye vijiji vya pembeni kusini mwa nchi, utakuta barabara moja na jina la kijiji, basi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, kaa kwenye kompyuta au simu, fungua tovuti ya openstreetmap.org, ukuze mahali unapokwenda kufanyia kazi. Usiangalie barabara kuu, hiyo ipo daima. Tafuta njia ya miguu unayoijua wewe kwa nyayo zako: ile inayotoka shuleni, inapita kisimani, inakata mto mahali pa mawe. Ipo? Kivuko kipo? Mpaka wa hifadhi umechorwa? Majina ya vijito ni yale wenyeji wanayoyataja? Ukipata vitatu kati ya hivyo, ramani hiyo itakusaidia. Ukikosa vyote, hakuna GPS duniani itakayokuonyesha njia hiyo, hata ya dola elfu.

Kuhusu kontua, ujue inakotoka. Nyingi kwa upande wetu wa dunia zimetengenezwa kutokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga cha Marekani, Februari 2000, katika kazi iliyoitwa SRTM. Vipimo vya kila mita 30 hivi kwa Afrika viliachiwa kwa umma mwaka 2014. Ni vizuri sana kwa kukuambia kama mbele kuna mteremko au kupanda. Ila rada ile haikutenganisha vilele vya miti na ardhi. Msitu mnene wa Udzungwa au Magamba unaweza kukupandishia mwinuko kwa urefu wa miti yenyewe, na pembeni ya msitu ukaona kontua zikibanana kana kwamba kuna genge la mwamba, kumbe ni ukuta wa miti. Na genge la kweli la mita kumi na tano linaweza kumezwa katikati ya vipimo viwili, lisionekane. Nimewahi kukaa juu ya genge la namna hiyo nikila mkate na kulitazama kwenye kioo, ambako palikuwa tambarare.

Kama wewe ni mtu wa gari, Tracks4Africa ni ya kulipia lakini imejengwa na nyendo za wasafiri wenyewe: barabara za vumbi, kambi, vituo vya mafuta, mageti ya hifadhi. Mtembea kwa miguu hatapata humo njia nyingi za vijijini.

Halafu kuna ramani ambayo watu wanaisahau, ile ya karatasi ya 1:50,000 inayotolewa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Kenya wanazo za aina hiyo kutoka Survey of Kenya. Ni za zamani, barabara nyingi zimebadilika tangu zichapwe, lakini kwa majina ya vilima na mito, na kwa umbo la ardhi, mimi naziamini kuliko kitu chochote cha kwenye kioo. Karatasi moja ukiipiga skani vizuri, unaweza kuipachika kwenye mahali pake kwa Google Earth, ukaihifadhi kama faili la KMZ, na GPS kadhaa za Garmin zitaikubali iwe ramani ya picha.

Na ikitokea njia yako haipo popote? Ichore. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, utaletewa picha ya setelaiti, fuatisha njia kwa kipanya. Kijiji cha wastani ni kazi ya jioni mbili. Baada ya muda utaipakua pamoja na ramani ya nchi nzima, na itaingia kwenye kifaa chako kama kazi ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kinachoipokea ramani hiyo

Sasa twende dukani. Swali la kwanza: kinakubali ramani za kuongeza? Siyo vyote. eTrex 10 ya Garmin, ya mwaka 2011, ambayo bado utaikuta kwenye ofisi nyingi za halmashauri na miradi, haikubali. eTrex SE ya mwaka 2023 nayo haina ramani, ingawa betri zake zinatajwa kudumu saa 168. Hizi ni vifaa vizuri vya kuchukua pointi na kurudi ulikotoka. Ukitaka kuona mto uko upande gani wa kilima, pita.

Ya bei ya chini ninayomshauri mtu wa kawaida ni eTrex 22x, iliyotoka mwaka 2019. Ina kioo cha rangi, memori ya ndani ya GB 8 na nafasi ya kuongeza kadi. Kioo chake ni cha inchi 2.2, yaani sawasawa na uso wa kiberiti. Kwa kufuata njia kinatosha. Kwa kupanga safari ya kesho mkiwa watu wanne mmezunguka moto, mtagongana vichwa. Kwa kazi hiyo GPSMAP 65, nayo ya Garmin, ina inchi 2.6, na GPSMAP 66 na 67 zina inchi 3.

Usidanganywe na mng’ao. Vioo vya GPS vimetengenezwa vitumie mwanga wa jua wenyewe kwa kuuakisi, kwa hiyo ndani ya duka vinaonekana vimefifia, vya kizamani, hasa ukiviweka karibu na simu. Muombe muuzaji mtoke nje barazani, jua likiwa kali, zima taa ya kioo. Hapo utaona GPS inasomeka kama gazeti na simu imekuwa nyeusi.

Vitufe au kugusa? Vitufe. Nimeandika neno moja na ningeweza kuishia hapo, lakini niongeze sababu: mikono yenye tope, glavu za baridi, mvua, na kioo ambacho kikichunika kidogo bado vitufe vinafanya kazi. Vya kugusa ni vitamu nyumbani, kuandika jina la pointi ni haraka zaidi. Porini utavichukia.

Maji: tafuta alama ya IPX7. Maana yake kinaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika. Sharti ni mfuniko wa betri uwe umefungwa sawasawa na mpira wake haujachanika.

Hatua ya 4: Setelaiti, na unachoweza kuacha kulipia

GPS yenyewe ni ya Marekani. Kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Kifaa kinachosikiliza mifumo miwili au mitatu kwa pamoja kinapata setelaiti nyingi zaidi, na faida yake inaonekana bondeni na chini ya miti, ambako nusu ya anga imezibwa. Uwanjani, vyote vitakupa usahihi wa mita tatu hadi tano. Msituni tegemea kumi au zaidi.

Vifaa kama GPSMAP 65s na 67 vinapokea masafa mawili kutoka kwa setelaiti moja, na hivyo vinatambua vizuri zaidi wimbi lililogonga ukuta wa mwamba kabla ya kufika. Kama kazi yako ni mipaka ya misitu kwenye mabonde ya Uluguru, pesa hiyo ni halali yake. Kama ni kutembea tu, hapana.

Kitu kimoja usikilipie wala usikiwashe: WAAS na EGNOS. Utaona vimeandikwa kwa herufi kubwa kama sifa ya usahihi. WAAS ni huduma ya Amerika Kaskazini ya kusahihisha vipimo vya GPS, EGNOS ni ya Ulaya. Huku Afrika Mashariki havitusaidii.

Na namna ya kushika kifaa, jambo ambalo halimo kwenye mazungumzo ya dukani: zile zenye antena iliyotokeza juu kama kidole, yaani jamii ya GPSMAP, zinapenda kushikwa wima. eTrex inapenda kulala, kioo kikitazama juu. Ukiitia mfukoni mwa suruali huku miti imekuzunguka, usilaumu setelaiti.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya betri

Chukua saa utakazokaa na kifaa kikiwaka kwa siku, zidisha kwa siku, gawanya kwa saa zinazotajwa na mtengenezaji, kisha ongeza seti moja. eTrex 22x inatajwa saa 25 kwa betri mbili za AA. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba, saa nane kwa siku, ni saa 56: seti tatu, na ya akiba nne. GPSMAP 66 inatajwa saa 16, hivyo kwa safari ileile andaa seti tano. GPSMAP 67 ina betri ya kuchaji ya ndani inayotajwa saa 180, na humaliza safari nzima bila kuguswa.

Mimi bado napenda AA. Betri ya ndani ikichoka baada ya miaka, utatafuta fundi. AA zinapatikana kuanzia Kariakoo hadi duka la mangi la mwisho kabla ya msitu. Tatizo ni zile za bei poa, nyepesi kama ganda la karanga. Hizo zimenizimikia ndani ya saa tatu. Nunua za kuchaji za NiMH, mAh 2,000 na kuendelea, na ubadilishe aina ya betri kwenye mpangilio wa kifaa. Za kuchaji zina volti 1.2 na alkalini 1.5. Usipobadilisha, kifaa kitakuambia betri imeisha wakati bado.

Kwa baridi ya usiku wa kuelekea Uhuru, alkalini zinalegea haraka. Beba za lithiamu, au lala na kifaa ndani ya begi la kulalia.

Hatua ya 6: Dira, baromita na ujumbe wa setelaiti

Kwa haraka. eTrex 32x inaizidi 22x kwa vitu viwili, dira ya kielektroniki na baromita ya kupima mwinuko. Dira ya GPS ya kawaida inajua unakoelekea ukiwa unatembea tu. Ukisimama inapotea. Dira ya kielektroniki inajua hata ukisimama kwenye njia panda. Baromita inafaa mlimani, lakini inafuata mgandamizo wa hewa, kwa hiyo hali ya hewa ikibadilika nayo inayumba. Kila ukifika mahali penye kibao cha mwinuko, mfano Horombo yenye mita 3,720, iingizie namba hiyo.

Vifaa kama GPSMAP 67i vinatuma ujumbe na wito wa dharura kupitia setelaiti za Iridium. Hapo unalipa kifaa, na unalipa usajili wa huduma juu yake. Kwa anayeongoza wageni sehemu zisizo na mtandao, namshauri. Kwa mtu wa mashamba, asahau.

Hatua ya 7: Kununua, hasa cha mtumba

Bei zilipotoka Marekani zilikuwa hivi: eTrex 22x dola 200, 32x dola 300, GPSMAP 65 dola 350, GPSMAP 67 dola 500 na 67i dola 600, zote kwa makadirio ya karibu. Hapa kwetu ongeza usafiri, kodi na faida ya muuzaji, kisha uone kama bado una hamu.

Mtumba ni sawa kabisa, vingi vinatoka kwenye miradi iliyofungwa. Fungua mfuniko wa betri, angalia vyuma vinavyogusa betri kama vina ukoko wa kijani au mweupe: hiyo ni betri iliyovuja, achana nacho. Bonyeza kila kitufe. Chomeka waya wa USB kwenye kompyuta uone kama kinasomeka, maana tundu la waya ndilo linalokufa mapema. Kisha toka nacho nje, mahali pa wazi, ukiweke chini na kusubiri. Kama kimekaa kabatini muda mrefu au kimetoka bara jingine, usikikatie tamaa baada ya dakika mbili. Orodha ya mahali setelaiti zilipo inachukua dakika 12 na nusu kupokelewa yote. Kipe dakika ishirini. Baada ya hapo kizime, kiwashe tena. Mara hii kinapaswa kupata mahali ndani ya dakika moja. Kisipopata, mrudishie mwenyewe na shukrani.

Hatua ya 8: Mipangilio ya siku ya kwanza

Weka ramani. Ya nchi nzima unaweza kuipata bure OpenTopoMap, ikiwa tayari kwa vifaa vya Garmin, na kontua zake kwenye faili la pembeni. Ni faili lenye mwisho wa img. Tengeneza folda iitwayo Garmin ndani ya kadi ya memori, lidondoshe humo. Kwenye eTrex mpya kadi inaingia chini ya betri, kwa hiyo usihangaike kuitafuta pembeni. Vifaa vya zamani kabisa vinasoma faili moja tu lenye jina gmapsupp.img. Vya sasa vinakubali mengi, kila moja na jina lake. Kisha ingia kwenye orodha ya ramani, washa hiyo, na uzime ile ya kanda ya mbali.

Halafu namna ya kuandika mahali. Chagua moja na timu nzima iwe hiyohiyo. Nimeona pointi zimeandikwa 4.47 kwenye daftari na mtu aliyekuwa anasoma digrii 4 na dakika 47. Digrii zina dakika 60, kwa hiyo digrii 4 na dakika 47 ni 4.78 kwa desimali. Kosa hilo dogo la nukta ni kilomita 35 hivi. Kisima cha kijiji kilihamia wilaya nyingine.

Kwa kazi za ardhi wengi tunatumia UTM, mfumo wa kuandika mahali kwa miraba badala ya digrii, kwa kuwa inasomeka kwa mita. Tanzania imegawanyika kanda tatu: 35 upande wa Kigoma, 36 katikati, 37 mashariki. Mpaka kati ya 36 na 37 ni mstari wa digrii 36 Mashariki, unaopita mashariki kidogo tu ya Dodoma mjini, kwa hiyo wa Dodoma mjini na wa Kongwa wanaweza kuwa mkoa mmoja na kanda tofauti. Andika kanda kila mara. Lushoto utaona kitu kama 37 M 0421300 9470600. Hiyo M siyo mita wala Mashariki. Ni jina la mkanda wa latitudo kati ya ikweta na digrii 8 kusini.

Mwisho datumu, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Kifaa kinakuja kimewekwa WGS 84, kiache hivyo. Lakini ramani za karatasi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa Arc 1960, na tofauti ya hizo mbili ni mita 300 hivi, sehemu kubwa yake kwa upande wa kaskazini na kusini. Ukisoma namba kwenye karatasi na kuziingiza bila kubadilisha, utatafuta jiwe la mpaka upande wa pili wa bonde. Nimeifanya kazi hiyo siku nzima, na vijana watatu wakifyeka. Kama chanzo chako ni karatasi, ingia kwenye mpangilio wa datumu, chagua Arc 1960, ingiza pointi zako, kisha rudisha WGS 84. Kifaa chenyewe kitazihamisha.

Hatua ya 9: Jaribu mtaani kwako kwanza

Hifadhi nyumbani kama pointi. Washa kurekodi njia. Tembea saa moja mtaani, pita vichochoro, kata kona. Kisha mkabidhi kifaa mtu mwingine wa nyumbani ambaye hakuwepo, mwambie akurudishe kwa njia ileile wewe ukikaa kimya. Atakapokwama ndipo utagundua usichokijua: mshale unaelekeza wapi, ramani imegeuzwa kaskazini juu au unakoelekea juu, kukuza na kupunguza kuko wapi.

Jifunze pia kuandika jina la pointi kwa vitufe, herufi moja baada ya nyingine, maana porini ndipo majina yanapopatikana. Niliporudi Rangwi mwaka uliofuata nilikuwa na ramani niliyoichora mwenyewe jioni kwa jioni, njia zote zimo, mpaka wa msitu umo. Nikamwonyesha mzee. Akavaa miwani, akakishika kifaa mbali na uso, akafuata kijito kwa ukucha hadi kinapoingia mtoni.

“Njia ni hii kweli,” akasema. “Ila hiki kijito siyo jina lake hilo. Nani kakuambia?”

Nilikuwa nimelinakili kutoka kwenye ramani ya karatasi, na wachapaji walikosea herufi mbili. Akanitajia, nikaandika, akaomba aone nilivyoandika, akaniambia niondoe h.